Nilisema Sabini, Mwanangu Akanyamaza

Nina miaka sitini na moja sasa. Magoti yananiuma na macho yameanza kuniacha, lakini masikio yangali mazima... laiti yangekuwa mabovu! Maana kila Jumamosi, ikifika saa nane za mchana, nasikia viatu vya mwanangu Mwanasiti vikielekea mlangoni, na sauti yake ikisema, "Mama, naenda tuisheni." Natoka nitazame. Hakuna mtu. Ni kuku tu uani.

Wasomaji wenzangu, msinihukumu upesi. Au nihukumuni tu, mimi nimeshazoea.

Miaka ile ya mwisho wa tisini nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na nyumba yetu ilikuwa Ukunda. Baba yake Siti alikuwa ameshaniacha, ameoa Vanga, nikabaki mimi na binti yangu huyo mmoja. Kazi yangu ilikuwa madoa. Shuka likiwashinda wengine, la damu, la mvinyo, la mafuta ya kujipaka wazungu, waliniletea mimi. Nililitoa, nikasifiwa! Na sifa nilizipenda, nakiri. Nilipenda watu waseme, "Mtazameni Mama Siti, mwanamke mmoja, lakini mambo yake yamenyooka."

Siti alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi. Alipokuwa mdogo nililazwa hospitali ya Msambweni wiki tatu, na muuguzi mmoja akamfundisha kushika kifundo cha mkono wangu na kuhesabu mapigo. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Alipofika kidato cha tatu alijua kabisa kwamba chuo cha uuguzi hakimchukui mtu aliyeanguka hesabu. Na hesabu ndiyo iliyomshinda. Muhula wa kwanza alileta kumi na tisa kwa mia.

Kumi na tisa! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Jirani huyo ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu Mwachiti, Mungu amrehemu, mzee aliyestaafu shule ya msingi na kufundisha barazani kwake, karibu na njia ya kisima.

Mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Hakuuliza mtoto yuko kidato gani. Alimpa karatasi ya maswali kumi, akaitazama, kisha akamkalisha panapomfaa. Wenye kujua mengi walikaa kwenye benchi. Walioachwa nyuma walikaa chini, mkekani, awe mrefu au mfupi. Siti wangu, na urefu wake ule, alikalishwa mkekani pamoja na watoto wa darasa la sita.

Mwalimu aliniambia taratibu kwamba mwanangu si mjinga hata kidogo. Alisema kuna mahali aliachwa tangu darasa la tano, kwenye mambo ya sehemu, nusu na robo na thuluthi, na tangu hapo anakariri asichokielewa. Akaniomba mihula miwili. Nilikubali, kwa shingo upande.

Na Siti alifurahi, jamani! Jumamosi ya pili alirudi, akachukua mkate wa sinia niliotoka kuupika, akaukata, akaanza kunionyesha kwa nini thumuni mbili, vipande viwili kati ya vinane, ni robo. Alicheka mpaka machozi. "Mama, kumbe ni hivi tu! Miaka yote hii, kumbe ni hivi tu!" Kicheko kile sijakisikia tena.

Jumamosi ya tatu nilikuwa natoka kazini na wenzangu, tukapita njia ya kisima. Mmoja wao, Mama Mutua, mtu wa bara mwenye maneno mengi, akasimama ghafla. "Si huyo ni Siti wako? Anachunga watoto?"

Nikatazama. Mwanangu amekaa mkekani, magoti yamemfika kidevuni, kushoto mtoto anayenyonya kidole, kulia mtoto asiye na meno ya mbele. Damu ilinipanda kichwani.

"Anamsaidia mwalimu," nikasema.

"Kumbe Siti ni ticha siku hizi!" Mama Mutua akacheka, na wengine wakacheka naye. Kisha akaniambia kwamba Mutua wake anasoma kwa Mwalimu Kioko, nyuma ya soko, wanakosoma wenye vichwa vyepesi peke yao. Lile neno la kumsaidia mwalimu lilikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka kama mate.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Mwachiti nikamfokea mbele ya mkewe. Nikamwambia amemdhalilisha mwanangu, amemrudisha utotoni, kisima kizima kinatucheka. Yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akaniuliza, "Mama Siti, wewe uliposoma Kurani ukubwani, ulianzia wapi?"

Kila mtu Ukunda alijua. Nilianza chuo cha Kurani nikiwa mke wa mtu, niliketi mkekani na watoto wadogo, nikianza na alifu, be, te kama wao. Siti mwenyewe alikuwa kando yangu, na wala sikuona haya. Tulicheka sote, nikasoma, nikahitimu.

Lakini mdomo wangu huu! Nikamjibu, "Hiyo ni dini, mwalimu. Hii ni dunia!" Nikaondoka.

Wiki hiyohiyo nilimshika Siti mkono mpaka kwa Mwalimu Kioko. Alikuwa kijana mwerevu kweli, na sitaki kumsingizia, hakuwa na kosa lolote. Alituambia wazi kwamba kwake watu wanakimbia. Anawachukua walio sabini kwenda juu, na walio chini yake ana mwenzake anayewafundisha Jumapili, polepole. Kisha akauliza, "Huyu alipata ngapi, mama?"

Siti alifungua kinywa.

"Sabini," nikasema mimi.

Wallahi, lile jicho alilonitazama! Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayengoja uniambie ni mzaha. Sikumwambia. Akainamisha kichwa, akafunga kinywa, na nadhani hakukifungua tena katika chumba kile.

Mwaka mzima na zaidi alikwenda. Nami nilitembea kifua mbele! Kila Jumamosi jioni nilimwambia alete daftari. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, zile x na y ni kama maandishi ya Wachina kwangu, lakini tiki nazijua. Tiki nyekundu kila ukurasa! Nilizihesabu. Nilikwenda na daftari kazini, nikamfungulia Mama Mutua mbele ya watu, akanyamaza, nikashiba.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linaloniamsha. Shati la shule la Siti lilianza kuwa na madoa ya wino mwekundu. Mfukoni kwanza, halafu kwenye mkono. Mimi, bingwa wa madoa! Nilimwuliza mara moja tu, akasema kalamu ya mwalimu imevuja. Nikachukua ndimu na chumvi, nikasugua, nikaanika juani, doa likatoka. Wiki ya pili likarudi. Nikasugua tena. Mara ngapi? Sikumbuki. Kalamu ya mwalimu inavujaje kila wiki katika mfuko wa mwanafunzi? Mbona sikujiuliza? Nilijua, ndugu zangu. Mkono ulijua, kichwa kikakataa.

Ilipobaki miezi miwili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nilikutana na Mwalimu Kioko sokoni. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," kisha akaniuliza kama Siti amepona. Nikamwuliza amepona nini. Akashangaa. Akaniambia hajamwona tangu muhula wa kwanza wa mwaka huo.

Nilisikia baridi na jua linawaka. Kama haendi tuisheni, basi Jumamosi zote hizo yuko wapi? Akili yangu mbovu ilikimbilia wanaume, ikakimbilia fukwe za Diani... Nilitoka mbio nikimtafuta. Nilimkuta wapi? Zahanati! Amekaa kwenye benchi la wagonjwa, daftari mapajani, anawatazama wauguzi. Muuguzi wa pale aliniambia huja kila Jumamosi, na kwamba hapo mwanzo walidhani ameleta mgonjwa.

Nilipofungua daftari nilimkuta katikati ya kazi. Alikuwa ananakili hesabu kutoka kitabuni, swali na jibu lake, kwa mwandiko mzuri, na kalamu nyekundu iko kidoleni. Tiki zote zilikuwa zake mwenyewe.

Nilimrudisha nyumbani nikimsukuma. Nikamwuliza kwa nini hakumwuliza mwalimu alipokuwa haelewi, kwani hana ulimi?

Akaniambia, bila kupaza sauti, "Ningemwuliza nini, mama? Mtu wa sabini haulizi kugawanya sehemu. Ningeuliza mara moja tu, angejua ulimdanganya."

Basi mnaona? Mtoto alinyamaza kunisitiri mimi! Alikaa kwenye kiti kile miezi na miezi, anazama, na hakunyosha mkono kwa sababu mkono ule ungenivua nguo.

Hapo mama mwingine angelia, angemkumbatia, angempeleka mbio kwa Mzee Mwachiti kabla jua halijatua. Hata kidato cha nne kikimpita, si angerudia mwaka? Siti mwenyewe aliniomba. Alipiga magoti, akanishika leso, akasema, "Nirudishe mkekani, mama. Niko tayari. Acha watu wacheke."

Nami nikasema... astaghfirullah. Nikasema, "Imebaki miezi miwili. Unataka niwaambie nini watu kazini?"

Nikampeleka tena kwa Mwalimu Kioko. Nikamwambia alikuwa na malaria. Siti alisimama pembeni yangu kama mara ya kwanza, ila safari hii hakunitazama. Alitazama ukuta.

Mtihani ulikuja, ukapita. Matokeo yalipotoka, masomo mengine alikuwa amefaulu. Baiolojia alifanya vizuri sana, hata mwalimu wake alimpongeza. Hesabu alianguka kabisa. Fomu ya chuo cha uuguzi ilikuwa juu ya kabati, ameshaijaza jina. Aliichukua, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya godoro. Hakulia. Nilitamani alie!

Kama wiki mbili baadaye aliniambia anakwenda Kombani sokoni. Nikamwagiza nazi. Hakurudi. Nilipiga ripoti polisi, nilizunguka kwa jamaa Msambweni, Shimoni, Vanga, nilizimia mara mbili. Hatimaye binamu yangu anayeuza leso Lunga Lunga akaleta habari. Alimwona Siti akivuka mpaka kuingia Tanzania, ana begi moja, amejifunga buibui vizuri, anatembea kwa miguu. Alipomwita, Siti alimwamkia, akamwambia anisalimie, akaendelea na safari yake.

Yuko Tanga mpaka leo. Ameolewa, anashona nguo, ana watoto ambao nimeambiwa majina yao na watu wengine.

Alikuja mara moja tu, mama yangu alipofariki. Aliniinamia, akaniambia, "Shikamoo mama," akasaidia kupika, akaosha vyombo, akawahudumia wageni vizuri kuliko mtu yeyote. Kabla hajaondoka nilimfuata jikoni. Nikamwambia nisamehe, mwanangu, nilitaka uwe juu, sikutaka watu wakudharau kwa kumi na tisa.

Alifuta mikono, akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya ukuta. "Mama, zile kumi na tisa zilikuwa zangu. Nilizipata mwenyewe. Zile sabini sikujua nizipeleke wapi."

Akatoka. Hakunitukana, hakunikaripia. Afadhali angenikaripia!

Mwaka uliofuata niliteremsha begi lake la shule, nilitaka kulifua kabla halijaliwa na panya. Madaftari yote yamo. Tiki mia na mia, nyekundu, zote za uongo. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na karatasi moja imekunjwa mara nne. Ni ile ya maswali kumi ya Mzee Mwachiti. Ina tiki tatu tu, za kalamu ya buluu, za mkono wa mzee uliokuwa ukitetemeka. Chini ameandika: "Aanze hapa. Ataweza."

Mwanangu aliificha karatasi hiyo muda wote ule wa shule. Nilipokuwa nahesabu zile nyekundu kwa majivuno, tatu zake za kweli zilikuwa mfukoni.

Wazazi wenzangu, nawasihi kwa jina la Mola. Mkimtafutia mtoto tuisheni, msiulize wapi wanasoma watoto wa fulani. Ulizeni mtoto wenu ameachwa wapi, kisha mpelekeni hapohapo, hata kama ni chini kabisa, hata kama ni njia ya kisima na watu wote wanaona. Mwalimu akiuliza alama, mwacheni mtoto aseme mwenyewe. Kumi na tisa itajwe kumi na tisa! Kicheko cha majirani ni cha jioni moja. Mama Mutua alishahama siku nyingi, na nina hakika hakumbuki hata jina la binti yangu.

Mimi namkumbuka. Leo ni Jumamosi, na saa nane imekaribia. Nimeutandika mkeka uani, sijui kwa nini, huutandika kila wiki. Viatu vitasikika, na sauti itasema, "Mama, naenda tuisheni." Nami nitaujibu mlango mtupu, kama ninavyoujibu siku zote: "Nenda kwa Mzee Mwachiti, mwanangu. Kaa mkekani. Nitapita njia ya kisima nikuone."