Bangili Zilizosuguliwa kwa Majivu

Bangili nne zilikuwa mezani dukani kwa Shantilal, mjini Malindi, nyekundu kama sufuria mpya ya shaba. Jana yake zilikuwa dhahabu.

"Kijakazi wangu kabadilisha," alisema Shantilal. "Zangu ziko kwao Jilore saa hii."

Sajini Randu alikwisha kupekua huko Jilore. Alipata kinu, mikeka miwili, na mbuzi aliyempiga pembe. Buti za serikali zilimzidi mguu, hivyo hata mbuzi alimsikia kabla hajafika.

Mtuhumiwa, Kadii, alikuwa amefungwa mikono uani. Kesho saa tatu angesimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa kuhukumu. Wizi wa dhahabu ulikuwa miezi sita, jela ya Mombasa.

"Ulizichukua?"

"Nilizitoa kwenye sinia nikazisugua."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, bwana. Bibi ana homa. Siku zote huziosha mwenyewe, kwa pamba na maji ya ritha, zile kokwa zinazotoa povu, na mlango kaufunga. Nikaona sikukuu yao ya Divali imefika, nami nasugua taa za shaba. Nikazitia humo humo."

"Kwa kitu gani?"

"Majivu na ukwaju. Mama yangu ndivyo anavyosugua shaba zake za mguuni."

Mama yake Randu naye ni Mgiriama kama wa Kadii, na ndivyo alivyosugua.

"Na dhahabu ikaenda wapi?"

"Na maji. Nilidhani ni uchafu."

Sajini akageuka akakohoa, maana polisi hacheki kazini. Kisha akaazima sindano, akachokoa tundu la pini ya bangili, pale majivu yasipofika. Ikatoka chembe ya manjano, ngumu kama jiwe. Akainusa. Unga wa chapati, na bizari ndani yake.

Bibi Daksha, mke wa Shantilal, alikuwa jikoni, kajifunika shali kwa homa. Sajini akasimama nje ya kizingiti. Alijua desturi ya nyumba za Mabaniani.

"Bibi, Kadii huingia humu?"

"Miaka saba hajaingia. Asiye wetu hagusi chakula."

"Unga anakanda nani?"

"Mimi tu."

Sajini akanyoosha sindano. "Huu umekaukia kwenye shaba, bibi. Si wa wiki hii. Mwizi gani ameiba bangili, akakuwekea bandia, nawe ukaivaa kukandia unga mpaka ukagandia humo?"

Bibi Daksha akaangalia dukani, mumewe alikokuwa akipima mchele. Akashusha sauti.

"Kokila, binti yangu, aliugua kifua huko kwa wakweze Kilifi. Baba yake akasema homa ni homa, itapita. Nikampa sonara mpita njia bangili zangu. Akanifanyia hizi za shaba, akazipaka dhahabu. Zile za kweli zikamlipa daktari wa Mombasa."

"Akapona?"

"Daktari alifika tunamchoma."

Sajini akavua kofia, akakosa pa kuiweka.

"Miaka miwili naosha shaba kwa pamba," alisema bibi. "Mume wangu akijua atanirudisha Bara Hindi kwa kaka zangu. Majivu ya mwanangu tuliyatia kwenye hori la Kilifi. Nimwache na nani?"

"Na Kadii je?"

Bibi akavuta shali. "Nitasema, sajini. Kesho nitasema."

Kesho yake akaja mahakamani, mumewe kando yake, bega kwa bega. Bwana Shauri akamuuliza.

"Zilikuwa dhahabu," alisema Bibi Daksha, macho chini, "mpaka Kadii alipozigusa."

Sajini akasimama, akaeleza unga, akaeleza jiko, akaeleza na maungamo. Bibi Daksha akatikisa kichwa. Sajini akatoa sindano. Bwana Shauri akaitazama sindano, kisha akamtazama Shantilal, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuzia sukari ya chai na mafuta ya taa.

"Umeniletea bizari, sajini?"

Karani akacheka. Miezi sita.

Randu alimpeleka Kadii forodhani mwenyewe, buti zikipiga makelele njia nzima. Akamweleza yote: binti, daktari, sonara. Kadii akasikiliza, mikono kambani.

"Kumbe ni shaba tangu zamani," alisema. "Basi sikukosea kuzisugua."

"Hukukosea."

Kadii akaenda hatua kadhaa.

"Na ziling'aa, bwana?"

"Ziling'aa," alisema sajini, akampandisha chomboni.