Daftari la Vipimo Laingia Simuni

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana nikimwachia jirani yangu kinyozi alisimulie yeye, atalinenepesha. Aliyebonyeza neno "Kubali" ni mimi. Mtoto aliniuliza mara mbili, "Shangazi, inataka ruhusa ya kuona majina yote yaliyo kwenye simu yako. Tukubali?" Mimi nilikuwa na pini nne mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani. Nikanyoosha kidole gumba, nikabonyeza bila kusoma hata mstari mmoja, kama mtu anayefukuza nzi.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko katikati, kushoto kinyozi, kulia fundi simu. Na huyo mtoto ni binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na miwili, mwembamba na mwepesi wa kuchoma kwa maneno. Mtaa mzima unamwita Sindano.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa nyingine. Sindano alitoka shule, akala, akatandaza madaftari yake kwenye meza yangu ya kukatia. Kinyozi hakuwa na mteja, akaja kukaa kwenye benchi langu pamoja na redio yake. Redioni walikuwa wanazungumzia programu za simu, kwamba nyingine zinachota mambo ya watu na kuyapeleka mbali.

"Wachote tu," kinyozi akasema. "Mimi nina nini cha kuficha? Anayeogopa ni mwenye siri."

"Basi nikisoma kiuno chako hapa kwa sauti hutajali?"

"Fundi, usinichokoze," akasema, na akapunguza sauti ya redio.

Kwenye kazi yetu, namba haitamkwi. Mama yangu, aliyenifundisha kushona, alikuwa akisema fundi huja kazini na macho na mikono, mdomo ameuacha nyumbani. Nikishampima mtu naandika mwenyewe kwenye daftari, kisha nafunika ukurasa kwa kitambaa. Humo mna watu sitini na wawili. Yupo ambaye bega moja limeshuka, na yupo ambaye tumbo lake analiita kifua. Wote wananisalimia kwa furaha njiani, kwa sababu wanajua nimenyamaza.

Tatizo ni kwamba daftari lilikuwa limezeeka. Wiki ile paa lilivuja, nusu ya ukurasa wa kwanza ikafutika. Sindano akanionea huruma.

"Shangazi, ipo programu ya mafundi, tena ya bure. Unapiga picha kurasa, yenyewe inasoma."

"Isome mwandiko wangu? Mimi mwenyewe nausoma kwa kubahatisha."

"Tujaribu."

Tukajaribu, na hapo ndipo nilipobonyeza. Wanangu, nimeona mengi, lakini nilichokiona kwenye kioo kile kilinifanya niteme pini zote. Mwandiko wangu wa kuku ulinyooka, ukajipanga kwenye mistari safi. Kisha kila jina likageuka kuwa mtu. Mtu wa kijivu, hana sura wala nguo, ila ana mabega yake, tumbo lake na mapaja yake, anazunguka polepole kama anayejaribu suti. Nilimtambua kila mmoja kwa mgongo tu. Nikasimama pale mdomo wazi. Ningekuwa na mtu wa kumpigia magoti, ningepiga.

Sindano naye alikisogelea kioo. Halafu akauliza, "Shangazi, mbona huyu amelala upande mmoja?"

Nikatazama. Alikuwa Mwalimu Rula.

Mwalimu Rula ndiye mwalimu mkuu wa shule yao. Watoto wamempa jina hilo kwa sababu anatembea wima kama rula, na neno lake nalo limenyooka. Wasichokijua ni kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja na nusu. Fundi viatu anamwongezea soli kwa ndani, mimi namkatia suruali mguu mmoja mfupi, na kwa miaka kumi na minne tumekuwa wawili tu tunaojua. Huja kupimwa asubuhi, kabla sijafungua mlango wote.

"Hujaona kitu," nikamwambia Sindano.

"Sijaona kitu," akajibu. Akazima kioo. Nikarudi kwenye gauni langu nikiwa bado nashangaa jinsi dunia ilivyoendelea.

Kesho yake, Jumamosi, Sindano alikuja mapema kunisaidia kushona vifungo. Alichukua simu yangu, akaitazama, akairudisha. Baadaye nilipoitafuta simu sikuiona. "Labda umeisahau nyumbani," akasema bila kuniangalia. Mimi fundi, macho yangu yanaona uzi uliokatika kwa hatua kumi. Niliona ameshona kifungo kilekile mara mbili. Lakini nikasema moyoni, labda ana njaa.

Saa sita mchana kinyozi akaingia na simu yake mkononi, uso umemvimba.

"Fundi, mteja wangu ananiuliza kama arobaini na nne ni umri wangu. Nikamwambia hapana, umeitoa wapi? Akanionyesha. Mimi, nazunguka, sina nguo."

"Si ulisema huna cha kuficha?"

Hakucheka. Nami kicheko kikanikauka. Programu ile, baada ya mimi kuiruhusu ione majina, ilikuwa imemtumia kila mtu aliye kwenye simu yangu ujumbe mmoja: fundi wako anakualika uone vipimo. Watu mia mbili na kumi na wanne. Na aliyefungua alikuwa anaona si vyake tu, bali vya wote.

Sindano akaenda kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Akachimba mpaka chini, akatoa simu yangu.

"Nimeuona ujumbe tangu asubuhi," akasema. "Nikataka niufute mwenyewe usijue. Nikashindwa, nikaificha. Walikuwa wamefungua watu wanne."

"Na sasa?"

"Thelathini na mmoja." Akatazama kioo tena. Machozi yakaanza. "Na wawili."

Nilimshika mkono, tukavuka hatua tatu hadi kwa fundi simu. Huyo kijana haongei sana. Alisoma, akabonyeza hapa na pale, akatuonyesha mstari mmoja: Nani anaweza kuona. Mbele yake pameandikwa: Kila mtu aliyealikwa. Akabadilisha ikawa: Mimi peke yangu.

"Mlango nimefunga," akasema. "Lakini nakala wanayo wenye programu, kwenye mashine zao, nchi ambazo sisi hatutafika. Kuzifuta mpaka muwaombe wao."

Nikawaza kiuno cha kinyozi kimesafiri kuliko kinyozi mwenyewe. Ningeweza kucheka kama Sindano hangekuwa amenishika gauni.

"Kaka, inaonyesha nani kafungua ukurasa wa nani?" akamuuliza fundi simu.

"Inaonyesha idadi ya waliofungua, haionyeshi majina yao." Akashuka na orodha. Kinyozi, tisa. Mama wa duka la vyombo, kumi na mmoja. Akafika kwa Mwalimu Rula. Mmoja.

Mtu mmoja. Jumatatu watoto mia sita wangesimama mstarini mbele ya mwalimu wao, na mmoja anatosha kuwaambia wote watazame miguu.

"Twende kwake," nikasema.

"Shangazi, nenda wewe. Mimi atanifukuza."

"Mimi nilibonyeza, wewe uliificha simu. Kila mtu atabeba kipande chake."

Tulipobisha alichelewa kufungua. Mlango ulipofunguka, Mwalimu Rula alikuwa peku, kalamu nyekundu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa hana viatu vyake. Alisimama vilevile kama yule mtu wa kijivu, bega moja chini, ameegemea hewa. Sindano aliinamisha kichwa haraka.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba. Karibuni. Naona mnajua nilivyo, basi sina haja ya kutafuta viatu."

Tukakaa. Sindano hakungoja nimsukume. Alieleza yote, kuanzia paa lililovuja mpaka kapu la vitambaa, na hakujipunguzia hata kidogo. Mwishoni akaongeza, "Na ukurasa wako kuna mtu mmoja ameufungua, Mwalimu. Hatumjui."

Mwalimu Rula aliweka kalamu chini.

"Mmoja tu? Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Akashusha pumzi ndefu, mpaka nikadhani haitaisha. "Huyo mmoja ni mimi. Ujumbe ulinifikia asubuhi, nikafungua. Miaka hamsini na mitatu sijawahi kujiona mgongoni." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Tangu saa hiyo nimekaa hapa naandika barua ya kuomba uhamisho. Hii hapa. Nilidhani mtaa mzima umeniona."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Hakuichana. Nililiona hilo.

"Mwanangu, sikiliza," akamwambia Sindano. "Ulitaka kumsaidia shangazi yako, na hilo ni jema. Lakini vile vipimo havikuwa vyako, wala si vyake. Ni vyetu, yeye tumempa atushikie. Kitu cha kushikiwa hakihamishwi kutoka daftari kwenda simu mpaka mwenyewe aulizwe. Na ulipoona kosa, ulilifunika. Lilipokuwa la watu wanne ungelisema, lingebaki la wanne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wewe, fundi. Nisomee masharti uliyokubali."

Nikatazama miguu yangu. Iko sawa yote miwili, lakini sikuwa na pa kusimama.

"Unaona," akasema kwa upole. "Mtoto aliuliza mara mbili. Aliyehitaji kufundishwa kusoma hapa si mtoto."

Jumapili tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na Sindano, kuomba radhi. Wengi walitusamehe. Mama wa duka la vyombo alichukua vitambaa vyake, akaenda kwa fundi mwingine, na sina la kumlaumu. Kinyozi alisamehe kwa sharti kwamba yale aliyoyasema siku ya redio yasizungumziwe tena.

Jumatatu Mwalimu Rula alipita kibandani kwangu akielekea shule, wima, viatu vinang'aa. Sindano alikuwa nyuma yake hatua chache, amembebea madaftari, macho mbele. Nilisimama mlangoni na futi yangu shingoni nikawatazama mpaka wakapotea. Nilistaajabu kuliko nilivyostaajabia ile simu. Jinsi mtu anavyoweza kubeba inchi moja na nusu kila siku na asiyumbe.

Siku hizi daftari langu ni jipya, lina jalada la nailoni, na limefunikwa kwa kitambaa. Kilichobaki ni zile nakala. Sindano alitaka kuwaandikia wenye programu wafute kwanza ukurasa wa Mwalimu, nikamkataza. Ukimwonyesha mtu kidole pa kutazama, atatazama. Ni wiki ya tano sasa. Kila akitoka shule anafungua simu kabla hajala, anaangalia kama wamejibu, anaifunga. Jana aliandika tena, mara ya sita, kwa lugha ya heshima aliyofundishwa darasani:

"Kwenu wahusika. Shikamooni. Mnavyo vipimo vya watu sitini na wawili ambao hawakuwapa ninyi, walimpa shangazi yangu. Tunaomba mvifute vyote. Mkishamaliza, tuandikieni neno moja tu, 'tumefuta', kwa sababu yupo mtu ana barua mfukoni na hajaichana. Tafadhali."