Nyimbo Zilizokwama Ndani ya Kompyuta ya Babu

"Hilo sanduku lenu litatuchoma sisi wote!" Mama Katee alipaaza sauti katikati ya ua. Gauni jeupe la bibi harusi lilikuwa begani mwake, limeshonwa nusu.

"Sanduku gani? Ile ni kompyuta!" Koko akajibu kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Kompyuta ya wapi? Kompyuta ni ile unaweka kwa begi unaenda nayo! Hii yenu mkiwasha tu, stima inapotea ploti nzima!"

"Na pasi yako je, hiyo inakula upepo?"

Wakaendelea hivyo, wote wawili kwa pamoja, mpaka waliokuwa wakifua kwenye bomba wakaacha nguo kwenye karai ili wasikose neno. Kwenye ploti ile ya Kitengela, ugomvi mzuri ulikuwa kama sherehe. Hata waliokuwa wamelala walitoka.

Ishmael, msimamizi wa ploti, alikuja mbio na shada lake la funguo. "Kina mama! Kina mama! Hebu mmoja aseme."

Lakini Koko alikuwa tayari amepandisha hasira. "Sikia, Ishmael. Kama kompyuta ya mzee wangu haijatoa nyimbo kufikia Jumamosi, ita mtu wa skrepa aje aichukue na vyuma vyake chakavu! Nimesema!"

Nasieku, mjukuu wake, aliyasikia yote akiwa dirishani. Alikuwa darasa la saba, na alimjua Koko vizuri. Akishasema neno mbele ya watu, harudi nyuma.

Babu Kuntai, mume wa Koko, alikuwa karani katika kiwanda cha magadi kule Magadi. Ofisi ilipopata kompyuta mpya, yeye akapewa ile ya zamani, nzito kama gunia la saruji. Kila jioni aliketi mbele yake akitunga nyimbo za kwaya ya kina mama. Koko aliimba katika kwaya hiyo, na Mama Katee pia, ingawa tangu waanze kugombania stima walikuwa wakikaa viti vya mbali kanisani. Babu alipofariki, nyimbo zilibaki ndani ya kompyuta. Zile zilizokuwa kwenye karatasi zililiwa na mchwa. Sasa kwaya ilikuwa imealikwa Kajiado Jumapili kwenye ibada ya shukrani, na ule wimbo wa mvua, ambao kila mtu alitaka kuusikia, hakuna aliyekumbuka zaidi ya ubeti wa kwanza.

Mwalimu Eunice, msimamizi wa klabu ya kompyuta shuleni, alikubali kusaidia. Alikuja jioni ile ile na mkoba wa vifaa.

"Hiki kisanduku cha stima usikiguse kamwe," alimwambia Nasieku baada ya kufungua mgongo wa kompyuta. "Hata ukichomoa waya, kinaweza kubaki na stima ndani. Hiki ndicho kibovu, na ndicho kinachozima ploti. Nitakibadilisha mwenyewe. Wewe una kazi ya vumbi."

Na vumbi lilikuwepo! Nasieku alilitoa kwa brashi laini, akaondoa mayai makavu ya mjusi, akasugua meno ya shaba ya kadi zilizochomekwa ndani kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Maweu, mtoto wa mwisho wa Mama Katee, alikuja kuchungulia.

"Mama yako anajua uko hapa?" Nasieku akamuuliza.

"Mama ndiye amenituma nione kama mnachoma nyumba," Maweu akasema, akaketi kushika tochi.

Ijumaa, Mwalimu alipokwisha kufunga kisanduku kipya, wakawasha. Ploti nzima ikangoja. Cherehani ya Mama Katee iliendelea kunguruma ng'ambo ya ukuta. Stima haikupotea! Kioo kikapata rangi ya kijani, herufi zikajitokeza, na Maweu akapiga mluzi. Faili la nyimbo lilikuwepo. Lakini mambo yakakwama hapo. Kioo kile hakikukaa na nuru muda mrefu kabla ya kuzima, hivyo hawangeweza kunakili kwa mkono. Mlango wa kuingizia diski ulikuwa umekufa. Njia iliyobaki ilikuwa tundu moja dogo mgongoni, la kuunganisha kompyuta na kompyuta nyingine kwa waya.

Mwalimu aliacha laptop yake na waya alioupata kwa fundi mmoja sokoni. "Nitarudi kesho. Jaribu, lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu, hutajua kipi kilisaidia."

Nasieku aliunganisha. Akaamuru kompyuta ya Babu itume nyimbo. Kwenye laptop, kimya. Akajaribu tena. Kimya. Akakasirika, akabadilisha mwendo wa kupokea herufi, programu na tundu la laptop, vyote pamoja. Kimya kile kile, na sasa hakukumbuka alianzia wapi.

"Nasieku," Maweu akanong'ona, "si tuandike tu beti zingine? Wewe unajua kutunga. Tuseme zimetoka kwa kompyuta. Nani atajua?"

Nasieku alitazama kioo. Ilikuwa njia rahisi kweli. Kompyuta ingebaki, Koko angefurahi, Jumapili wangeimba.

"Mimi nitajua," alisema mwishowe. "Koko ataimba akidhani anamsikia Babu, kumbe ananisikia mimi. Hapana. Tuanze upya, polepole."

Jumamosi asubuhi Nasieku alitoka nje akiwa bado anawaza nyaya. Koko alikuwa anarudi kutoka dukani. Kwa desturi ya kwao, mtoto huinamisha kichwa, mkubwa humgusa utosini na kusema "Takwenya," na mtoto hujibu "Iko." Lakini akili ya Nasieku haikuwepo. Aliinamisha kichwa na papo hapo akasema, "Takwenya!"

"Takwenya!" Koko akasema wakati huo huo.

Wakabaki wanangojana. Hakuna aliyejibu.

Koko akacheka mpaka maziwa yakatikisika kwenye mfuko. "Weee! Tukisalimu wote wawili, nani ataitikia?"

Nasieku hakucheka. Alisimama kama aliyepigwa na kitu. "Koko," alisema taratibu, "ndio hivyo! Ndio hivyo kompyuta zinafanya!"

Alikimbia ndani. Mwalimu Eunice alipofika, alikuta mchoro wa waya kwenye karatasi ya unga.

"Mwalimu, waya huu umeunganisha mdomo na mdomo, na sikio na sikio! Kompyuta ya Babu inasema mahali laptop pia inasemea. Hakuna anayesikia!"

Mwalimu akauchunguza waya kwa kipimo chake, ncha moja hadi nyingine. Akatabasamu. "Ni kweli. Mimi mwenyewe sikuuangalia, niliamini tu neno la aliyeniuzia. Tupishanishe hizi nyaya mbili za ndani, mdomo wa huyu uende kwa sikio la yule."

Akachomea upya kwa lehemu. Mlangoni, Maweu akawa anautangazia ua mzima kila hatua, kama mtangazaji wa mpira. Wakatuma tena. Safari hii laptop ikajaa alama za ajabu, nyota na mabano yasiyo na maana.

"Imeharibika!" Maweu akalia.

"Haijaharibika, inaongea!" Nasieku akaruka. "Sasa inasikika, ila haieleweki. Tubadilishe kitu kimoja tu. Mwendo. Kompyuta ya Babu ni mzee, inaongea polepole. Laptop inasikiliza mbio mno."

Alipunguza mwendo wa laptop. Bado alama. Akapunguza tena.

Nje, magurudumu ya mkokoteni yalisikika kwenye changarawe. Mtu wa skrepa alikuwa amefika, na Ishmael alikuwa anamwonyesha mlango.

"Hodi! Ni hapa kuna kompyuta ya kubeba?"

"Ngoja!" watu wa ploti wakamjibu kwa sauti moja.

Nasieku akabonyeza. Kwenye laptop zikaanza kutoka herufi, moja baada ya nyingine, zimenyooka na safi. Alisoma kwa sauti:

"Mvua ya Isinya, shuka polepole,
Ng'ombe wamechoka kutafuta njia."

Koko aliweka mikono mdomoni. Huo ulikuwa ubeti wanaoujua. Herufi hazikukoma.

"Jirani amelowa, mfungulie mlango,
Moto ni mmoja, tuote pamoja."

Koko akaanza kuimba. Sauti yake ilikwama kwenye neno la tatu, na hapo sauti nyingine, nzito, ikaupokea wimbo kutoka nje na kuubeba. Ilikuwa ya Mama Katee, amesimama na futi yake shingoni. Wakamaliza ubeti pamoja, na ua mzima ukapiga vigelegele. Hata mtu wa skrepa alipiga makofi.

"Mwalimu," Ishmael akauliza, "sasa shida ilikuwa nini?"

"Waya ulifanya kila mmoja aseme na asiwepo wa kusikiliza," Mwalimu Eunice akajibu. "Haukurekebishwa kwa hasira, wala kwa uongo. Maweu ameniambia jinsi Nasieku alivyokataa kutunga beti za bandia, akarudi mwanzo, akajaribu kitu kimoja kimoja mpaka ukweli ukatoka wenyewe. Watoto, shikeni hilo. Na sisi wakubwa," akawatazama wale kina mama wawili, "tuna la kushika pia."

Mama Katee akakohoa. "Koko, ile siku nilipiga kelele sana."

"Na mimi sikukupa nafasi hata ya kupumua," Koko akasema. "Wewe wa mkokoteni, uegeshe hapo kando, hakuna cha kubeba leo ila sahani. Ishmael, leta viti. Na wewe Mama Katee, unasimama mlangoni kama mgeni kwa nini? Umesikia mzee wangu amesema nini kwenye wimbo. Ingia ndani, mama, tule."