Maziwa Niliyoyamwaga

Siku za likizo ya Agosti, mama yangu alikuwa akiamka alfajiri, akiswali, kisha akikamua maziwa yake kwenye kikombe chenye kifuniko. Kikombe alikitia ndani ya sufuria ya maji baridi. Baadaye alibeba mzigo wa magauni ya dira ya kuuza, akaenda kufungua kibanda chake katika soko la Jericho, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani.

"Hikma, haya ni ya Iqra," aliniambia kila asubuhi. "Usimpe kitu kingine, hata maji. Uji ni wa Musab."

"Sawa, Mama," nami nilijibu kila asubuhi.

Iqra alikuwa na miezi minne na nusu, na Musab miaka miwili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kabla ya hao wawili kuja, mama alikuwa wangu peke yangu. Acha niseme ukweli. Nilikuwa na hamu na mama yangu ilhali tulilala chini ya paa moja. Kila nikifungua mdomo nimsimulie jambo, huyu analia, yule amekwama chini ya meza. "Ngoja kidogo, mwanangu," mama alikuwa akisema. Nilingoja mpaka nikasahau nilichotaka kumwambia. Wakati mwingine nililia nikiwa bombani nafua nguo, na yeyote aliyeniuliza nilimwambia sabuni imeniingia machoni.

Nadhani mama alijua kidogo. Jioni moja alinikalisha kando yake. "Sitaki mimba nyingine sasa hivi," alisema. "Mwili wangu umechoka. Nimezungumza na baba yako, naye amekubali. Nitawekewa kijiti mkononi, kinazuia mimba kwa miaka mitatu. Hapo nitapumua, na wewe utanipata."

Utanipata! Neno hilo nililala nalo. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshajaribu mara moja. Kwenye zahanati fulani, bila hata kuulizwa swali, aliambiwa arudi siku atakapoona hedhi, eti ndipo wajue hana mimba. Lakini tangu amzae Iqra hakuwa ameiona hedhi. Angesubiri mpaka lini? Siku ile alirudi akakaa kitandani bila hata kuvua viatu, nami nilimhurumia sana.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Jumatatu moja, nikiwa nimembeba Iqra huku nikimfukuza Musab, niligonga kile kikombe. Maziwa yote yakamwagika sakafuni. Ya rabi! Iqra akaanza kulia kwa njaa. Ningeweza kumfunga mgongoni nikamkimbilia mama sokoni, lakini niliogopa. Nikachukua uji wa Musab, nikamlisha kijiko kimoja, viwili, mpaka akashiba. Akalala saa mbili nzima. Rafiki yangu Aluoch akanipigia kelele dirishani, "Hikma, niaje! Kwani siku hizi wewe ni yaya? Toka nje!" Nikatoka, nikaruka kamba mlangoni huku nikichungulia ndani.

Kesho yake hakuna kilichomwagika. Nilimpa uji makusudi, ili alale. Nayo maziwa ambayo mama alikuwa ameamkia alfajiri, niliyamwaga kwenye mtaro na kuosha kikombe. Nilifanya hivyo wiki mbili nzima. Iqra alipoanza kuharisha, mama alidhani ni meno. Sikusema kitu.

Ndipo mama akasikia kwamba kwenye kituo cha afya kimoja cha mtaani kuna muuguzi aitwaye Sista Kavutha, ambaye hamrudishi mtu nyumbani kabla ya kumuuliza maswali. Alhamisi tukaenda, mama na Iqra na mimi. Musab tulimwacha kwa mama yake Aluoch.

Sista Kavutha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Huyu msichana abaki au atoke?" aliuliza.

"Abaki, Sista. Ameshakuwa mkubwa, na mtoto humnyamazia yeye," mama alijibu.

Sista akatoa karatasi moja. "Haya, Mama Hikma. Kijiti siwezi kukuwekea kwa kubahatisha. Kwanza nijue huna mimba, na si lazima nione hedhi ndipo nijue. Nina maswali sita. Ukijibu ndiyo kwa moja tu, inatosha. La kwanza lina mambo matatu: mtoto hajafika miezi sita, tangu umzae hujaona hedhi, na anakula maziwa yako tu, mchana na usiku. Ni kweli yote matatu?"

"Ni kweli, Sista. Namkamulia hata nikienda kazini. Hajaonja kitu kingine."

"Mashallah! Basi hapo tumemaliza. Mama anayenyonyesha hivyo, mwili wake hautoi yai kwa urahisi." Sista akaweka alama na kuinuka kunawa mikono.

Mama aligeuka akanitazama, akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile kwa muda mrefu. Ningenyamaza tu, kijiti kingewekwa, nami ningempata mama yangu. Nani angejua? Lakini Sista alikuwa amesema hapendi kubahatisha, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimfanya abahatishe, tena kwenye mkono wa mama yangu.

"Sista, ngoja," nilisema. "Si kweli. Nimekuwa nikimpa Iqra uji. Maziwa nayamwaga."

Sista aligeuka, maji yakimdondoka mikononi.

"Unayamwaga?" mama aliuliza polepole. "Maziwa yangu, Hikma?"

Nikaanza kulia. Sista hakunigombeza. Aliuliza ni tangu lini, na ni mara ngapi kwa siku, kisha akaifuta ile alama na kuendelea na maswali mengine. Mama hakuwa amejifungua ndani ya wiki nne zilizopita. Hakuwa ameharibu mimba hivi karibuni. Hedhi haikuwa imeanza wiki ile. Baba alikuwepo nyumbani, nao waliishi kama mume na mke, na hawakuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Jibu la kila swali lilikuwa la.

Sista akapima mkojo wa mama. "Kipimo hakionyeshi mimba," alisema. "Lakini mimba changa sana huweza kujificha. Nitawapa mipira ya kondomu mtumie wewe na baba, na baada ya wiki tatu urudi tupime tena. Mtoto naye arudi kwenye maziwa peke yake, na akizidi kuharisha umlete upesi."

Wiki tatu! Tulitembea kurudi nyumbani mama akiwa mbele na Iqra mgongoni, mimi nyuma. Afadhali angenichapa. Tulipofika, alimlaza Iqra, akasimama mbele yangu.

"Kwa nini, Hikma?"

"Ili alale," nilisema. Halafu mengine yakatoka yenyewe. "Mimi nimechoka kungoja, Mama. Unashinda sokoni, ukirudi ni wao. Nina hamu nawe! Nilitaka nami niwe mtoto kidogo."

Mama aliketi sakafuni pale pale, akanivuta. Bado alikuwa na hasira, nilijua kwa jinsi alivyopumua. "Ulikosea, tena vibaya," alisema. "Ulimtia ndugu yako ugonjwani. Na mimi nilikupa kazi ya mtu mzima, nikadhani kwa kuwa hulalamiki hudhuriki. Hilo ni kosa langu."

Tangu siku ile, Iqra alikwenda naye sokoni, akanyonya pale kibandani. Kuharisha kukakoma. Nami nilipata asubuhi zangu pamoja na Musab tu, ambaye kwa kweli ni msumbufu, lakini ni mmoja tu.

Baada ya wiki tatu tulirudi pamoja na Iqra. Kipimo cha pili nacho hakikuonyesha mimba, na Sista Kavutha akasema sasa ana uhakika. Alipokuwa akitayarisha vifaa, aliuliza, "Na mtoto siku hizi anakula nini?"

Mama alinielekezea kidole. "Muulize dada yake. Nyumbani kwetu yeye ndiye wa kuulizwa."

Nilishtuka. Nilidhani hataniamini tena maishani. "Maziwa ya mama tu, Sista," nilisema. "Hata maji hapewi."

Sista akaandika nilivyosema, hakuuliza mara mbili. Akampiga mama ganzi, akatia kijiti chini ya ngozi, akafunga bandeji. Haikuchukua hata dakika tano.

"Hikma," alisema akivua glavu, "karatasi yangu ina maswali mazuri, lakini haijui kitu ila kile inachoambiwa. Ungenyamaza siku ile, ningefanya kazi kwa uongo na nisijue. Ukikosea, sema mapema, hata kama ukweli utakunyima kile unachokitaka kuliko vyote."

"Na ukiwa na hamu nami," mama akaongeza, akiushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, "hilo nalo useme. Usilifiche hata siku moja."

"Nina hamu nawe sasa hivi," nilimwambia.

Mama akampa Sista amshike Iqra, akanikumbatia.