Mistari Sita Chini ya Barua

— Wacera, tunywe hii pombe ama tusinywe?

Mzee Wanyoike, msemaji wa upande wa msichana, aliuliza akiwa ameinua pembe iliyojaa muratina, pombe ya asali. Kwa Wakikuyu, pombe ya kuposa hainywewi mpaka msichana mwenyewe akubali mbele ya wazee. Wengi huona ni swali la heshima tu: ainamishe macho, aonje kidogo, mambo yaendelee. Gathogo mwenye lori alikuwa ameketi karibu na dirisha ndani ya suti mpya, tayari anajiona bwana harusi.

Wacera hakuinamisha macho.

— Bado, Mzee. Kwanza nina barua ya kusoma.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema huyu msichana hana adabu.

Mwaka ulikuwa 1969. Baba yake, Mzee Mburu, alikuwa amenunua shamba nje ya Eldoret pamoja na wenzake, mzungu alipouza na kwenda zake. Ng'ambo ya ua kulikuwa na boma la mzee wa Kinandi, na mtoto wa mzee huyo, Kipyego, alikuwa anasomea ualimu wa Kifaransa Nairobi. Watu walimcheka sana. Kifaransa atamfundisha nani huku, ng'ombe? Wacera hakucheka. Alimpenda, na hakuona haya kusema.

Kilichomtesa Kipyego ni imparfait du subjonctif. Ni namna moja ya vitenzi ambayo hata Wafaransa wenyewe wameiacha vitabuni, lakini mtihani uliipenda ajabu. Mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao: kila mmoja na mkia wake. Basi wakapatana. Kipyego alimwachia Wacera kitabu cha sarufi, ili yeye mwenyewe asije akachungulia. Kila barua aliyoandika ilimalizika na mistari sita ya kitenzi kipya, kutoka kichwani: kuongea, kutoa, kuimba. Wacera, aliyeishia darasa la saba, alilinganisha na kitabu, akasahihisha kwa penseli nyekundu, akarudisha. Baada ya miezi sita hakuhitaji tena kufungua kitabu.

Kitenzi kimoja tu ndicho walichokiweka kando.

— Aimer, kupenda, utakipata siku nikipasi, Kipyego alimwambia pale kwenye ua. Ukikiona, ujue nakuja kwenu na wazee.

Sasa, Mzee Mburu hakuwa na sanduku la posta. Alitumia la Gathogo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Gathogo. Hapo ndipo balaa ilipoingilia.

Mwezi wa nane Gathogo alileta barua iliyopigwa taipu. Ilisema Kipyego amepata mwingine Nairobi na Wacera asimngoje. Mzee Mburu alimhurumia mtoto wake, halafu akawakubalia wazee wa Gathogo waje. Wacera alilia jioni moja. Kesho yake akaisoma tena mpaka chini, machozi yakakauka yenyewe. Alienda mjini kwa miguu, akapeleka telegramu, na akaomba jibu liwekwe pale posta, alichukue kwa mkono wake.

Hakumwambia mtu. Alitaka aulizwe mbele ya watu.

Ndiyo hii siku yenyewe. Aliwasomea wazee ile ya taipu yote, maneno ya kuachwa bila kuruka hata moja. Kisha akafika chini, akasoma polepole:

— Que j'aimasse, que tu aimasses, qu'il aimât, que nous aimassions, que vous aimassiez, qu'ils aimassent.

— Hiyo ni nini? Baba yake aliuliza.

Wacera aliwaeleza ule mpango wote, mpaka ahadi ya kitenzi cha mwisho: aimer, kupenda. Mwanaume anayeniacha, aliwauliza, ananiletea vipi neno la kuja kuniposa? Kisha akatoa karatasi ya posta na kuisoma: NILIPASI. NILIKUANDIKIA KWA MKONO. TAIPU SIIJUI. NAKUJA. KIPYEGO.

Sasa macho yote yalikuwa dirishani. Gathogo alikuwa ameifungua barua ya kweli, na akaona mistari ile sita chini, sawasawa na barua zote alizowahi kuchungulia. Alidhani ni salamu zao, pengine sala. Akamwambia mpiga taipu aiweke vile vile, barua yake ipate kuaminika. Hata kile kikofia juu ya herufi ya aimât, ambacho mashine haikuwa nacho, alikichora mwenyewe kwa kalamu.

— Barua yangu iko wapi, Gathogo?

Safari hii aliyeinamisha macho ni Gathogo.

— Niliichoma.

— Si neno. Mistari ilikuwa ndiyo barua yenyewe, na umeileta mpaka mlangoni.

Mzee Wanyoike alirudisha muratina ndani ya kibuyu, tone kwa tone, pembe ikabaki kavu. Mzee Mburu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba pombe hiyo irudi ilikotoka, na ufunguo wa sanduku ubaki mezani mpaka yeye Mburu atakapopata sanduku lake. Halafu akamwomba binti yake msamaha mbele ya wageni. Mimi sijasikia wazee wengi wakifanya hivyo.

Mwezi wa kumi Kipyego alivuka ua na baba yake, shangazi zake, na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya Kinandi. Kwa kuwa msichana ni wa Wakikuyu, pombe ilipikwa Kikikuyu, na Mzee Wanyoike akapewa pembe tena. Aliinua, kisha akasita, akamtazama Wacera kwa jicho la wasiwasi.

— Wacera mama, tunywe, ama leo pia kuna barua?

Wacera alimtazama Kipyego, mwalimu mzima, jasho linamtoka kama yuko kwenye mtihani. Akaipokea pembe kwa mikono miwili, akaonja, akampa baba yake.

— Tunyweni, alisema. Huyu nimekwisha kumsahihisha.