Kitambaa Juu ya Kinyunya

Mwoka mikate alikuwa amelala kifudifudi kando ya beseni la kukandia, kisogo kimebonyea, mikono imegandwa na unga mbichi hadi viwikoni. Chuma cha kufungia mlango wa tanuri kilikuwa miguuni pake, kimetapakaa damu.

Inspekta alifika akakuta kesi imeshaamuliwa. Mkuu wa kituo alikuwa amemkamata Gia, dereva wa kusambaza mikate, na kumtangaza redioni kuwa ndiye muuaji. Si mtuhumiwa, muuaji. Ushahidi wenyewe? Alama za vidole kwenye mlango wa chumba cha tanuri anaoushika kila siku iendayo kwa Mungu, na kifungo cha zamani kwa kosa la kupigana.

"Andika shtaka," mkuu aliagiza. "Mchana awe mahakamani."

Inspekta alimkumbusha kwamba mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Mkuu akacheka, akamwambia hayo ni ya darasani. Damu ilimchemka Inspekta, lakini mkubwa ni mkubwa. Akarudi kwenye chumba cha tanuri.

Beseni lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Hakikuwa na hata tone la damu. Alipokiinua, kinyunya, ule unga uliokandwa, kilichokuwa chini yake kilikuwa na madoa mekundu. Basi kitambaa kiliwekwa baada ya pigo, na marehemu hakuwa na uwezo wa kufunika chochote tena.

Alikwenda selo.

"Unga uliokandwa ukiachwa wazi, unakuwaje?"

Gia alimtazama kama mtu anayedhihakiwa. "Afande, mimi na unga tunakutana ukishakuwa mkate."

Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, macho yamevimba. Alikuwa ameandikisha maelezo kwamba asubuhi hiyo hakukanyaga kwenye chumba cha tanuri. Inspekta alimuuliza swali lile lile.

"Unafanya ganda," alijibu bila kufikiri. "Hauumuki tena."

"Nani mwingine anakanda pale?"

"Sisi wawili tu."

"Mdogo wako alikuwa ameshakufa kinyunya kilipofunikwa, mama."

Mwanamke aliinamia mikono yake.

"Hata sikukumbuka kama nimekifunika," alisema. "Nimefanya hivyo tangu utotoni."

Kisha akayamwaga yote. Ndiye aliyemlea marehemu mgongoni, akamfundisha kukanda angali mtoto wa kusimama juu ya kreti ili afikie beseni. Wachumba walimjia wakaondoka kwa sababu ya mdogo wake huyo. Asubuhi hiyo mdogo wake alimwambia avue aproni, kwamba sasa mke wake mpya ndiye atakayekanda.

"Ati, dada, asante, nenda kapumzike. Nikapumzike wapi? Sina kwangu, sina mtoto. Nilikuwa na unga ule tu."

Inspekta alipeleka maelezo ya kukiri kwa mkuu, akamwomba arudi redioni amsafishe Gia. Mkuu alisema kituo hakijitangazii aibu, mtu anaachiwa, anataka nini zaidi? Inspekta alitoka akaubamiza mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

Alifungua selo mwenyewe. Gia hakuinuka.

"Uko huru. Nenda nyumbani."

"Mke wangu alikuja hapa baada ya kusikia redio," Gia alisema. "Hakuniuliza kama nimemuua, afande. Aliniuliza kwa nini."