Kurasa Tatu za Kibonge

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Mbishi alikaa mezani na mdogo wake, Kibonge, wakafungua daftari la chekechea. Mbishi alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu hakubali neno mpaka alipinge kwanza. Kibonge alikuwa na miaka mitano. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa chumba cha mbele akimalizia kazi za wateja.

"Andika a," Mbishi alisema.

Kibonge alishika penseli kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko. Alikandamiza mpaka ncha ikavunjika. Mwalimu wa chekechea alitaka kurasa mbili za a, e, i, o, u ziandikwe nyumbani kila siku, na asiyemaliza alichapwa rula vidoleni.

"Dada, vidole vinauma. Kesho siendi."

Mbishi alipandwa na hasira, lakini si kwa mdogo wake. Alichukua penseli kwa mkono wa kushoto, ili herufi zitoke kombokombo kama za mtoto, akajaza kurasa zote mbili. "Tuone watamchapa nani," alinong'ona.

Ikawa hivyo kwa wiki tatu. Wiki ya mwisho mwalimu alitaka kurasa tatu, Mbishi akazijaza zote. Daftari la Kibonge likajaa nyota nyekundu.

Ijumaa moja shule iliita wazazi. Mbishi, aliyekuwa akisoma shule hiyohiyo, aliketi kando ya mama yake katika darasa la chekechea. Mwalimu aliinua daftari la Kibonge juu.

"Tazameni, wazazi! Huyu hakuweza hata kushika penseli. Nilipoona ameweza, nikajua wote wanaweza. Tangu Jumatatu nimewaongezea. Sasa wanaandika kurasa tatu."

Mbishi aliwatazama watoto. Kwenye benchi la mbele, msichana mmoja mdogo alificha mikono yake chini ya meza.

"Kibonge, njoo uwaonyeshe."

Kibonge alipokea chaki. Aliutazama ubao, akamtazama dada yake. Chaki ikaanguka, na mkojo ukamtiririka mpaka kwenye soksi. Watoto wakacheka.

"Nyumbani unaandika, hapa unanifanyia kiburi?" Mwalimu alinyoosha mkono kuchukua rula.

"Usimchape!" Mbishi alikwisha kusimama. "Herufi hizo ni zangu. Niliziandika mimi, kwa mkono wa kushoto."

Mama alishika tama. "Mtoto gani huyu anamfokea mwalimu?" mzazi mmoja aliuliza.

"Kudanganya nimekosa, na adhabu nitaipokea," Mbishi alisema. Hakuketi. "Ila kurasa tatu kwa mtoto wa miaka mitano, sikubali. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni. Kibonge si mjinga. Mpeni vitu avishike, mtaona."

"Vitu gani?" aliuliza mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa ameketi nyuma.

"Vifungo. Mama anavyo."

Mama alisitasita, kisha akatoa kopo kwenye mkoba wake na kumwaga vifungo mezani. "Njoo, mwanangu. Vipange kama unavyonipangia mimi."

Kibonge alivuta kamasi. Akagusa kifungo kimoja, kisha kingine, na mara mikono ikaanza kwenda yenyewe. "Hivi vina matundu mawili, viko saba. Hivi vina manne, viko vitano." Akageuza kimoja cha mwisho. "Hiki tundu lake liko nyuma. Kitakaa peke yake."

Yule mzazi aliyemkaripia Mbishi aliinama kutazama vizuri.

Mwalimu wa chekechea aliiweka rula chini. "Mimi nilifundishwa hivihivi, kwa rula," alisema taratibu. "Nilidhani ndiyo kazi."

"Nami niliona nikanyamaza," alisema mwalimu mkuu. "Vidole vya umri huu bado laini. Kwanza vifinyange udongo, vitunge shanga, vichore mchangani. Mtoto mdogo hujifunza akicheza, akiuliza, akisimuliwa hadithi. Herufi zitakuja kwa wakati wake. Kuanzia Jumatatu hakuna kurasa, na rula ni ya kupigia mistari tu."

Kisha akamgeukia Mbishi. "Na wewe usijione umeshinda. Umemtetea ndugu yako, vizuri. Lakini kwa wiki tatu ulimficha mwalimu ukweli, akaamini njia yake inafaa. Watoto wengine ishirini na wanane wameumia vidole kwa sababu ya daftari lile."

Mbishi alikwenda kwenye benchi la mbele, akapiga magoti mbele ya yule msichana mdogo. Msichana alimwonyesha mkono. Ulikuwa na alama nyekundu.

"Nisamehe," Mbishi alisema, akalia.

Adhabu yake ilikuwa kubaki kila Ijumaa baada ya masomo, amsaidie mwalimu wa chekechea kushona mipira ya matambara na kuosha vizibo vya kuhesabia.

Walipofika langoni kwao, mama alisimama.

"Leo umenitia aibu."

"Najua, mama."

"Aibu ya uongo, si ya kubisha. Ukiona mtoto anaonewa, bisha, hata kama anayemwonea ni mimi. Ila sema waziwazi, siku ileile, kabla uongo haujazaa."

"Na wasiponisikia?"

"Rudia," mama alisema, akafungua lango.